Kamera za ulinzi kwa duka dogo: anzia kwenye sura unayotaka kuiona

Mwaka wa kwanza nilipoanza kazi ya kufunga kamera, nilimfungia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Mbagala kamera nne. Zote niliziweka kwenye pembe za dari, karibu mita nne kutoka sakafuni, kwa sababu huko hazifikiki na zinaona duka zima. Miezi michache baadaye jamaa mmoja aliingia usiku, akajifanya anaulizia bei ya misumari, akavuta droo na kuondoka na mauzo ya siku. Tukakaa mbele ya runinga kuirudisha rekodi. Tuliona alivyoingia, alivyozunguka kaunta, mkono ulivyozama kwenye droo. Mama akaniuliza, "Fundi, sasa huyu ni nani?" Tulichokuwa nacho ni kofia nyeusi na mabega.

Nikamwambia, "Mama, nisamehe, hizi nilizifunga vibaya." Kesho yake nikazishusha mbili bila kumtoza kitu. Tangu hapo, mteja akinipigia kuuliza seti ya kamera nane ni shilingi ngapi, na mimi namuuliza: siku ukiibiwa, unataka picha ikujibu swali gani? Mwongozo huu umepangwa hivyo hivyo. Tunaanza na sura ya mtu, kisha tunarudi nyuma hadi kwenye lenzi, waya, diski na betri.

Chora duka lako kwenye karatasi

Kabla ya kwenda Kariakoo au kwa muuzaji yeyote, chukua karatasi uchore fremu yako. Onyesha mlango wa mbele, mlango wa nyuma, kaunta, droo ya fedha, stoo, na mahali magari yanaposhusha mzigo. Andika vipimo kwa mita, hata kama umepima kwa hatua za miguu.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: duka la mita 5 kwa 9, kaunta upande wa kulia, stoo nyuma, na kiwanja kidogo cha pembeni kinapokaa saruji na nondo.

Kwenye kila sehemu ya mchoro andika swali. Mlangoni: "Ni nani huyu aliyeingia?" Kwenye droo: "Fedha iliyopokelewa ni kiasi gani, na chenji iliyotoka ni ipi?" Stoo: "Ni yupi kati ya vijana wangu aliyebeba boksi?" Kiwanjani usiku: "Kuna mtu amepanda ukuta?"

Haya ni maswali yanayotofautiana, na kila moja linataka picha ya aina yake. Kiwango cha Ulaya cha mifumo hii, EN 62676-4 (toleo la 2015), kinapima kwa idadi ya pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, zinazoangukia kila mita moja ya upana wa mahali panapotazamwa. Kugundua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa mita zinatosha. Kumtambua mtu unayemfahamu tayari, 125. Kuonyesha sura ya mgeni usiyemjua kwa uwazi wa kumpelekea polisi, 250. Nakuomba uishike hiyo 250, maana ndiyo iliyokosekana Mbagala.

Lenzi kwanza, megapikseli baadaye

Wauzaji wengi hutaja megapikseli tu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.68. Maana yake, eneo ambalo kamera hiyo inaweza kukupa sura ya mgeni haliwezi kuzidi upana wa mita saba na nusu hivi. Ya megapikseli 4, yenye pikseli 2560, inafika mita 10.2. Ya megapikseli 8, yenye pikseli 3840, inafika 15.4.

Sasa, kinachoamua upana huo ni lenzi. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo hufungwa kwenye kamera nyingi za bei nafuu, inafungua jicho kwa takriban nyuzi 105. Inaona kila kitu, na ndiyo maana mteja huipenda akiiona kwenye runinga dukani. Lakini kwa megapikseli 2, mtu akisimama zaidi ya mita 3 kutoka kwenye lenzi hiyo, sura yake imeshashuka chini ya kile kipimo cha 250. Akiwa mita 9, mwisho wa duka letu la mfano, utajua ni mtu, basi. Lenzi ya milimita 4 inakusogeza hadi karibu mita 4. Ya milimita 6 inabana jicho hadi nyuzi 50 na kitu, na inakupa sura ya mtu aliye karibu mita 8.

Kwa hiyo mlango wetu wa mbele hautaki lenzi pana. Unataka kamera moja ya milimita 6, iliyokaa ndani mita sita au saba kutoka mlangoni, ikitazama mlango tu. Kila anayeingia lazima apite mbele yake uso kwa uso. Kamera pana ya 2.8 iweke kwenye pembe kwa ajili ya kuona mwenendo wa duka zima, na usiidai sura.

Kuna lenzi za kurekebishwa, za milimita 2.8 hadi 12. Bei yake iko juu, lakini kama mchoro wako una umbali usiouamini, nunua moja ya aina hiyo kwa ajili ya mlango, fundi aivute hadi uso ujae vizuri. Hayo ni matumizi mazuri zaidi ya fedha kuliko kuongeza kamera mbili za kupamba dari.

Urefu, mwanga na buibui

Kamera ya kuchukua sura ikae mita 2.2 hadi 2.4 kutoka sakafuni. Hesabu yake ni nyepesi. Uso wa mtu uko karibu mita 1.6. Kamera ikiwa mita 2.3 na mtu yuko mita 3 mbele yake, inamtazama kwa mteremko wa nyuzi 13 hivi, na kofia haijaziba macho. Kamera hiyohiyo ukiipandisha hadi mita 3.8, mteremko unafika nyuzi 36, na ukingo wa kofia unakula uso wote. Ukiogopa itaguswa, chagua ya domu yenye kifuniko kigumu, ambayo kwenye boksi huandikwa IK10.

Tatizo la pili ni jua. Mlango ukiwa wazi mchana, nje kunawaka na ndani kuna kivuli, kila anayeingia anageuka kuwa umbo jeusi. Dawa ni kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga, na kwenye boksi tafuta maandishi WDR 120 dB. Ukikuta DWDR, hiyo ni ya kusawazisha kwa programu tu, na mbele ya mlango unaotazama magharibi saa kumi jioni haitakusaidia.

Usiku kamera nyingi huwasha miale isiyoonekana kwa macho na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Kwa ukuta wa kiwanja hiyo inatosha. Lakini rangi ya shati au ya pikipiki ni ushahidi mkubwa, kwa hiyo ninapoweza hushauri taa ndogo ya LED iwake usiku kucha karibu na kamera ya nje. Usiweke kamera nyuma ya kioo ukitegemea itaona nje usiku. Miale yake itagonga kioo na kurudi, utaona ukungu mweupe tu.

Na buibui! Joto na mwanga wa kamera vinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi usiku unawaka kama pazia. Kila mwisho wa mwezi mtu apite na kitambaa laini.

DVR, NVR au kamera ya Wi-Fi?

Kamera za waya wa koaksia (kama ule wa antena ya runinga) na DVR, yaani kisanduku cha kurekodi picha zake, bado ni chaguo la heshima kwa duka dogo. Bei yake ni nafuu, mafundi wanaozijua wako kila mji, na waya mmoja unaweza kwenda mbali bila kifaa cha katikati. Ubaya wake ni kwamba kila kamera inahitaji waya wa picha na waya wa umeme wa volti 12.

NVR ni kisanduku cha kurekodi pia, ila cha kamera za mtandao, ziitwazo za IP, na hutumia waya wa mtandao, Cat5e au Cat6. Kupitia teknolojia ya PoE, umeme na picha vinapita kwenye waya huo mmoja. Kipande kimoja kisizidi mita 100. Kama unajenga sasa, au unatarajia kupanua, mimi ningeanza na huku, kwa sababu kubadilisha kamera baadaye hakutakulazimu kuvuta waya upya. Hakikisha kamera na NVR zote zinafuata ONVIF, lugha ya pamoja ya vifaa vya kampuni tofauti, ili usifungwe kwa kampuni moja maisha yako yote.

Kamera ndogo za Wi-Fi zenye kadi ya kumbukumbu zinafaa kibanda cha wakala wa fedha au saluni ya chumba kimoja. Tatizo ni kwamba rekodi iko ndani ya kamera yenyewe. Mwizi akiing'oa, ameondoka na kamera na ushahidi kwa pamoja. Kama ndiyo uwezo wako wa leo, nunua mbili zitazamane, na uweke kadi halisi inayotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo, si kadi ya simu ya kuokota.

Wateja wengi hudhani bila intaneti kamera hazirekodi. Zinarekodi. DVR na NVR huandika kwenye diski yake bila bando hata kidogo. Intaneti inahitajika pale unapotaka kutazama duka ukiwa safarini. Ukitazama kamera moja kwa picha ya ubora mdogo wa simu, karibu nusu megabiti kwa sekunde, utatumia takriban MB 225 kwa saa. Kupeleka rekodi zote kwenye hifadhi ya mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde ni karibu GB 650 kwa mwezi. Kwa bando la duka dogo, sahau.

Idadi ya njia: mfano wetu una kamera tano (mlango, droo, duka zima, stoo, kiwanja), kwa hiyo nunua DVR au NVR ya njia nane, yaani inayopokea hadi kamera nane.

Diski: siku ngapi za nyuma?

Hapa ndipo wauzaji wanapobana. Seti inauzwa na diski ya GB 500, mteja anaona picha nzuri siku ya kwanza, na miezi miwili baadaye anagundua rekodi zinaishia siku nne nyuma.

Jiulize wizi wako unaugundua lini. Jambazi akivunja shata, unajua asubuhi. Lakini upotevu wa boksi moja la bawaba leo na ndoo ya rangi wiki ijayo, unauona siku unapohesabu mali. Ukihesabu mwisho wa mwezi, unahitaji rekodi za siku 30 au zaidi. Ukiwa na siku 18, zile 12 za mwanzo zimeshafutwa na hutakuwa na la kusema mbele ya kijana wako wala yeye mbele yako. Hilo la pili ni zito pia. Nimeona rekodi ikimsafisha mfanyakazi aliyekuwa anatuhumiwa bure, mzigo ulikuwa haukushushwa wote kwenye gari.

Hesabu ni hii: megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na GB 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli 2 iliyowekwa mfumo wa kubana picha wa H.265 huhitaji kama megabiti 2. Kamera tano mara 2 mara 10.8 ni GB 108 kwa siku. Diski ya TB 2 inakupa siku 18. Ya TB 4 inakupa 37. Ukitumia mfumo wa zamani wa H.264, nafasi inayohitajika inakaribia mara mbili. Basi uliza DVR inasoma H.265? Inakubali diski ya ukubwa gani mwisho?

Nunua diski ya ulinzi, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Zimetengenezwa kuandika saa 24 bila kupumzika. Diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya zamani itarekodi, na itakufa bila kukuaga.

Waya na umeme

Omba fundi akate kipande kidogo cha waya mbele yako, ukikwangue kwa kisu. Ukibaki na rangi ya shaba mpaka ndani, sawa. Ukiona weupe wa fedha chini ya rangi, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapoteza umeme zaidi, inakatika ukiikunja, na hewa ya chumvi ya pwani inaimaliza upesi kwenye maungio.

Nimeitwa mara nyingi kwa kamera "inayolala usiku". Mchana inafanya kazi, jua likizama inazima na kuwaka. Sababu mara nyingi ni waya mwembamba na mrefu. Miale ya usiku ikiwaka kamera inavuta umeme zaidi, volti zinapungua njiani, kamera inajizima. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 ukienda mita 50, kamera inayovuta ampea 0.4 inapoteza karibu volti 1.4 kati ya zile 12. Kwa alumini hali ni mbaya zaidi. Kabla ya kununua kamera nyingine, badilisha waya.

Maungio ya nje yakae ndani ya kiboksi cha plastiki kilichozibwa, yasining'inie hewani yakinyeshewa. Kamera ya nje iwe na alama ya kuzuia vumbi na maji, IP66 au IP67.

Umeme ukikatika je? DVR na kamera tano zinakula wati 40 hivi. UPS ndogo yenye betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84, na ukiondoa upotevu utapata kama saa moja. Inatosha kuvuka katizo fupi, haitoshi usiku mzima. Inveta yenye betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili idumu, itakubeba kama saa kumi na mbili. Na swichi kuu ikiwa nje ya ukuta, ifungie kwenye kisanduku chenye kufuli, maana ndiyo kitu cha kwanza mwizi anachoweza kugusa.

DVR ikae wapi, na nani ana nywila

Usiiweke chini ya kaunta karibu na runinga. Mwizi akiona kamera anatafuta kisanduku chake. Kifungie kwenye kabati la chuma stoo, lenye matundu ya hewa, na waya uingie kwa nyuma. Darini joto la saa nane mchana linaua diski.

Badilisha nywila siku hiyohiyo, na usikubali fundi aweke namba ya simu yako wala 123456. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka vifaa vingi duniani, zikiwemo DVR na kamera, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikavitumia kuangusha huduma kubwa za mtandao huko Marekani. Akaunti kuu iwe ya mwenye duka. Msimamizi apewe akaunti ya kutazama tu, isiyoweza kufuta.

Kisha tazama saa. DVR nyingi kutoka China huja zikiwa kwenye majira ya Beijing, GMT+08:00, wakati sisi tuko GMT+03:00. Ikijirekebisha yenyewe kwa intaneti bila kubadilishiwa majira, tukio la saa tatu na dakika kumi na nne usiku litaandikwa 02:14, tarehe ya kesho yake. Hebu fikiria maelezo yako polisi yanasema Jumatatu na picha inasema Jumanne.

Sheria

Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inasajili wanaokusanya taarifa hizo. Kenya ina sheria ya 2019, na kanuni zake za usajili zinazitaja kamera za ulinzi hata kwa biashara ndogo. Kwa vitendo: weka tangazo mlangoni kwamba kuna kamera, waambie wafanyakazi, usiguse choo wala chumba cha kubadilishia nguo, usielekeze lenzi kwenye dirisha la jirani, na usirushe sura ya mtu kwenye magrupu ya WhatsApp ukimwita mwizi kabla hajafikishwa popote.

Mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ya Tanzania inaangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kama haikuchezewa. Kwa hiyo ukipata tukio, usirekodi runinga kwa simu ukadhani umemaliza. Toa rekodi yenyewe kwenye flashi, nakala mbili, ukianzia dakika kumi kabla ya tukio. Andika kwenye daftari nani aliitoa, tarehe, saa, na kama saa ya DVR ilikuwa mbele au nyuma. Fanya hivyo mapema kabla diski haijajiandika upya.

Kabla ya kumlipa fundi kiasi kilichobaki

Mwombe arudi usiku. Zima taa kama unavyofunga duka. Mtu ambaye mfanyakazi wako hamfahamu aingie na kofia, afike kaunta, atoke. Kisha mwite mfanyakazi huyo, mwonyeshe rekodi iliyosimamishwa mlangoni, umwombe aeleze sura. Akishindwa, lenzi au urefu ubadilishwe usiku huohuo. Weka noti ya elfu kumi na ya elfu tano kwenye kaunta uone kama kamera ya droo inazitofautisha. Zima swichi kuu, hesabu dakika. Toa rekodi ya dakika tano kwenye flashi kwa mkono wako mwenyewe, fundi akikutazama bila kugusa kitufe, na uifungue kwenye kompyuta nyingine.

Ukimaliza, akukabidhi karatasi yenye nywila zote, namba za utambulisho za vifaa, ramani ya waya na tarehe ya mwisho wa dhamana. Karatasi hiyo ikae nyumbani, si kwenye droo ya duka.